Jina Lililotoka Juu

Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilipiga kura ya mwisho kabla ya uhuru, na TANU ikazoa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Viti 58 kati ya hivyo ilivichukua bila kupingwa. Kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo enzi hizo ilikuwa imeibeba Karatu yote, kuanzia Rhotia na Oldeani hadi mashamba ya Mang'ola pembezoni mwa Ziwa Eyasi.

Aliyeshinda Mbulu hakuwa mpinzani wa uhuru. Herman Elias Sarwatt alikuwa mwana-TANU kama wenzake. Chama kilipomteua mtu mwingine, akasimama kama mgombea binafsi, na wapiga kura wakamchagua yeye. Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu: ilikuwa ya anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwenye kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au mwenye wadhifa unaotambuliwa. Kati ya watu wapatao 885,000 walioandikishwa nchi nzima, waliopiga kura walikuwa kama 121,000 tu, kwa sababu sehemu nyingi hapakuwa na ushindani wa kupigia kura. Kwa maneno mengine, Mbulu walikuwa miongoni mwa wachache waliopata nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo wakaitumia kumwambia kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, kwamba uhuru wanautaka, ila mtu wa kuwasemea watamtafuta wenyewe.

Vitabu vingi vya historia huipitisha Mbulu ya 1960 kwa sentensi moja. Ni haki yake kupewa zaidi, maana tangu hapo swali la nani anachagua jina la mgombea halijawahi kuondoka katika ukanda huu.

Nyerere mwenyewe aliliona tatizo. Nchi ikiwa na chama kimoja chenye nguvu kiasi hicho, uteuzi wa chama ndio unakuwa uchaguzi, na siku ya kura inabaki sherehe. Dawa iliyobuniwa mwaka 1965 ilikuwa kuwaweka wagombea wawili wa TANU katika jimbo moja, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Wananchi wakaitumia nafasi hiyo bila huruma. Hata Paul Bomani, waziri na mmoja wa vigogo wa harakati za uhuru, aliangushwa Mwanza. Lakini majina hayo mawili bado yalipita mezani kwa vikao vya juu kabla ya kumfikia mpiga kura.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wengi walidhani tatizo limekwisha. Karatu ilionyesha mapema kwamba halijaisha. Katika kura za maoni za mwaka 1995 za CCM, mrithi wa TANU, wajumbe walimpa ushindi Dkt. Willibrod Slaa, padri aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Vikao vya juu vikalikata jina lake. Sarwatt angekuwa mahali pake angesimama peke yake, lakini sasa sheria ilimtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Slaa akahamia CHADEMA, chama kichanga kilichoambulia viti vitatu tu vya majimbo nchi nzima mwaka huo. Kimoja kilikuwa cha Karatu.

Kilichofuata ni kirefu kuliko hasira za uchaguzi mmoja. Slaa alikaa bungeni miaka 15, na kwa vipindi kadhaa halmashauri ya wilaya nayo ikawa mikononi mwa madiwani wa CHADEMA. Mwaka 2010 alipoliacha jimbo kugombea urais na kupata kura zaidi ya milioni mbili, asilimia 26 na ushee, Karatu ilimchagua Mchungaji Israel Natse kwa tiketi ileile. Mwaka 2015 Slaa alijitenga na chama kwa sababu ya kupokelewa kwa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, akatangaza kuachana na siasa wiki chache kabla ya kura. Wachambuzi waliodhani Karatu ni Slaa na Slaa ni Karatu walipata jibu mwezi Oktoba: jimbo likabaki CHADEMA, safari hii kwa Willy Qambalo. Watu waliomfuata mtu kwenda kwenye chama hawakumfuata alipoondoka.

Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM kupitia Daniel Awack, katika uchaguzi ambao CHADEMA nchi nzima ilibakiwa na kiti kimoja cha jimbo, cha Nkasi Kaskazini. Upinzani uliyakataa matokeo yale. Mwaka mmoja kabla, vyama vikubwa vya upinzani vilikuwa vimesusia uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikatangazwa kushinda kwa asilimia 99.9. Ni vigumu kusoma moyo wa mpiga kura katika tarakimu ya namna hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi hakuulizwa kitu.

Ukitoka Karatu mjini na kupanda hadi lango la Lodoare unaingia Ngorongoro, na siasa hubadilika pamoja na hali ya hewa. Huku CCM haijawahi kusumbuliwa sana na upinzani. Wamaasai wa tarafa ya Ngorongoro na Loliondo kwa miaka mingi wamegombania mambo yao wakiwa ndani ya chama tawala. Mfano mkubwa ni Moringe ole Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990. Bungeni alikuwa mbunge wa chama pekee kilichokuwapo. Mwaka 1989 alisimama Geneva mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, akaeleza masaibu ya wafugaji na Wahadzabe.

Hoja ya Ngorongoro ni ardhi. Mamlaka ya hifadhi ilianzishwa mwaka 1959, wafugaji walipoondolewa Serengeti na kuahidiwa kuendelea kuishi Ngorongoro pamoja na wanyamapori, katika eneo la kilomita za mraba 8,292. Watu waliokadiriwa kuwa 8,000 wakati huo wamefika laki moja na zaidi. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamisha wanaokubali kwenda Msomera, wilayani Handeni, na Juni mwaka huohuo uwekaji wa vigingi Loliondo ukazua vurugu zilizoua askari polisi na kujeruhi wanakijiji.

Halafu ikaja Agosti 2024. Kwa Tangazo la Serikali Na. 673, kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro vilifutwa, miezi mitatu na ushee kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Wakazi wakalalamika pia kwamba katika daftari la wapiga kura vituo vyao vimehamishiwa Msomera.

Kwa mtu wa mjini, kufutwa kijiji kunaweza kusikika kama suala la makaratasi. Ila kijiji ndicho chenye mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye mwenye mhuri. Anayetaka kitambulisho cha taifa, anayemdhamini ndugu aliyewekwa mahabusu, anayeomba mkopo wa elimu ya juu, wote wanaanzia kwenye barua ya utambulisho yenye mhuri ule. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali ambapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwananchi kauli juu ya ardhi. Kijiji kikifutwa, vyote hivyo vinakosa pa kushikwa.

Tarehe 18 Agosti maelfu ya Wamaasai, wanawake wengi wakiwamo, wakatoka na kuketi kwenye barabara iendayo Serengeti, magari ya watalii yakikwama. Maandamano yakaendelea kwa siku kadhaa. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha tangazo lile kwa muda. Kesho yake Waziri William Lukuvi alifika na ujumbe wa Rais Samia Suluhu Hassan kwamba vijiji vinarudi na wananchi watapiga kura pale walipo. Watu waliodhaniwa ni mtaji wa kudumu wa chama tawala walikuwa wamepata walichokidai kabla hata ya sanduku la kura kufika.

Kura yenyewe ikapigwa 27 Novemba 2024. Nchi nzima CCM ilitangaziwa asilimia 99.01 ya wenyeviti wa vijiji, huku CHADEMA ikilalamikia tena wagombea kuenguliwa na kura feki. Siku nne baadaye Rais alikutana Arusha na viongozi wa jamii ya Ngorongoro akaahidi tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama. Februari 2025 wajumbe wakatajwa, ya kwanza ikiongozwa na Jaji Gerald Ndika.

Lile swali la Sarwatt nalo lilikuwa limeshafika mahakamani, tena si mbali. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mgombea binafsi tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa haki mara mbili, serikali ikabadili Katiba baada ya hukumu ya kwanza, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua ya pili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, saa chache kwa gari kutoka Karatu, iliamua Juni 2013 kwamba Tanzania inakiuka haki za raia kwa kumlazimisha mgombea kuwa na chama. Kenya iliruhusu wagombea huru kwa Katiba ya 2010, na Bunge la Uganda lina wabunge wa namna hiyo kwa makumi. Tanzania bado.

Aprili 2025 CHADEMA ilikataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi wa mwaka huo. Kwa hiyo kada wa Karatu aliyekatwa jina katika CCM mwaka huo hakuwa na njia ya Sarwatt ya 1960, wala ile aliyopita Slaa mwaka 1995. Zilimbakia tiketi za vyama ambavyo wapiga kura wa Karatu hawakuwahi kuvizoea, au kurudi Mang'ola kumwagilia vitunguu hadi 2030.