Kutafuta neno katika matini nyingi: hifadhidata za XML na umbo la Kiswahili

Mfasiri anayetaka kujua kama neno fulani hutumiwa kweli katika maandishi ya Kiswahili hana budi kulitafuta katika matini nyingi kuliko awezavyo kusoma mwenyewe. Kompyuta humsomea. Lakini ikimjibu kuwa neno halipo, huenda tatizo si neno, bali namna lilivyotafutwa. Makala haya yanaeleza jinsi utafutaji huo unavyofanyika katika hifadhidata za XML, na kwa nini Kiswahili hudai uangalifu wa pekee.

Faida ya muundo

XML ni lugha ya kuwekea matini alama, iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwaka 1998. Kila sehemu ya matini hufungwa kati ya alama mbili zinazotaja sehemu hiyo ni nini: kidahizo, maana, mfano, ubeti, aya. Hifadhidata ya XML, kama vile eXist-db au BaseX, huhifadhi hati nyingi za aina hiyo bila kuuvunja muundo wake.

Chukua neno “paa”. Ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha kwenda juu. Katika faili la kawaida, kulitafuta huleta kila mahali lilipoandikwa. Katika kamusi iliyowekewa alama, mtumiaji aweza kuagiza apewe mifano tu yenye “paa”, tena iliyo chini ya vidahizo vilivyotajwa kuwa ni vitenzi. Mwaka 2011 W3C iliidhinisha kanuni za utafutaji wa matini nzima zinazounganisha swali la muundo na swali la maneno. Kwa kanuni hizo mtu aweza kutaka maneno mawili yaliyo katika sentensi moja, au yasiyotengana kwa zaidi ya maneno matano.

Kazi ya faharasa

Hifadhidata kubwa haisomi hati zote kila inapoulizwa. Kabla ya swali lolote, hukata matini kuwa maneno, huyapanga, na huandika kando ya kila neno mahali pote lilipo, kama faharasa ya mwisho wa kitabu. Swali linapokuja, kinachofunguliwa ni faharasa. Ndiyo maana mamilioni ya maneno hupekuliwa kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo hiyo, neno lililoingizwa vibaya katika faharasa ni kama halikuandikwa kabisa.

Pale Kiswahili kinapokwama

Kwanza, viambishi. Zana nyingi za kutambua maumbo ya neno moja hufanya kazi kwa kukata mwisho wake, njia inayofaa lugha kama Kiingereza. Kiswahili hubadilika mbele pia. Anayetafuta “kitabu” hapati “vitabu”. Maumbo “anasoma”, “tulisoma” na “hawajasoma” hutawanyika katika faharasa chini ya herufi A, T na H. Mtu akiagiza neno lolote lenye “som” ndani yake, mfumo hulazimika kupitia orodha nzima ya maneno, na hatimaye humletea “Msomali” pamoja na “msomi”.

Pili, ritifaa. Katika “ng'ombe”, alama hiyo ni sehemu ya tahajia. Mfumo ukiichukulia kuwa mpaka wa neno, faharasa hupokea “ng” na “ombe”. Tena, hati moja huwa na ritifaa iliyonyooka na nyingine iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Dawa ni kuzifanya zote kuwa moja kabla ya faharasa kuundwa.

Kwa viambishi, dawa ya uhakika ni kuliwekea kila neno umbo lake la kamusi:

<neno kidahizo="kitabu">vitabu</neno>

Hapo mtumiaji hutafuta kidahizo, na maumbo yote huja kwa pamoja. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, yenye maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili, imewekewa maelezo ya namna hiyo. Hata hivyo, kama “wamesomeshwa” liwekwe chini ya “soma” au “somesha” ni uamuzi wa mtunzi wa kamusi, na mtumiaji anapaswa kuujua kabla ya kuhesabu matokeo.

Kabla ya kusema “halipo”

Mwalimu au mfasiri aliyepata jibu tupu ajiulize: Je, mfumo hutafuta umbo lililoandikwa au kidahizo? Nimejaribu wingi, nyakati na kauli nyingine? Ritifaa yangu inafanana na ya hati? Nimetafuta katika sehemu sahihi ya muundo? Neno lililofutwa katika tafsiri au kukosolewa katika daftari la mwanafunzi kwa sababu ya utafutaji mbovu limehukumiwa bila kusikilizwa.