“Subirini Kwanza”: Barua kutoka Gereza la Birmingham na Dhamiri ya Wachungaji

Ijumaa Kuu, tarehe 12 Aprili 1963, mambo mawili yalitukia katika mji wa Birmingham, Alabama, kusini mwa Marekani. Mchungaji Martin Luther King wa Kanisa la Kibaptisti alikamatwa na polisi akiwa mstari wa mbele wa maandamano yaliyozuiwa kwa amri ya mahakama, akafungiwa katika chumba cha peke yake. Siku hiyohiyo viongozi wanane wa dini, wote wazungu, walitoa tamko kwa umma wakiwasihi watu weusi wa mji huo wajitenge na maandamano na wawe na subira. Kati ya wanane hao alikuwamo Askofu wa Kanisa letu, Joseph Durick, Askofu Msaidizi wa Jimbo Katoliki la Mobile-Birmingham.

Siku moja kabla, yaani Alhamisi Kuu, Mtakatifu Yohane XXIII alikuwa ametoa mjini Roma Waraka wake “Pacem in terris”, yaani “Amani Duniani”. Katika Waraka huo alifundisha kwamba ubaguzi wa rangi hauwezi kuhalalishwa kwa hoja yoyote. Akafundisha pia, akimtegemea Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba sheria inayokwenda kinyume cha utaratibu wa maadili haiifungi dhamiri ya mwanadamu. Mafundisho, basi, yalikuwapo. Swali lililobaki Birmingham lilihusu wakati: je, haki iliyokwisha kutambuliwa yaweza kuahirishwa, na kama inaahirishwa, ni nani anayelipa gharama ya kungoja?

Makala hii inaeleza jinsi swali hilo lilivyoulizwa, lilivyojibiwa kutoka gerezani, na lilivyomfuata mmoja wa wachungaji hao kwa miaka mingi.

Mji uliogawanywa kwa sheria

Ili tuelewe tamko la wale wanane, yafaa kwanza tuutazame mji wenyewe. Birmingham ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Sheria zake ziliwatenganisha wazungu na weusi mashuleni na katika migahawa, na mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa na maandishi ya kuonyesha nani anywe wapi. Mtu mweusi aliweza kununua nguo dukani, lakini si kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka hilohilo. Mahakama ilipoamuru bustani za umma zifunguliwe kwa watu wote, mwaka 1962 wakuu wa mji walizifunga kabisa kuliko kuona watoto weusi na weupe wakicheza pamoja. Nyumba na makanisa ya watu weusi yalilipuliwa kwa mabomu mara kwa mara, hata mji ukapewa jina la kejeli kwa sababu hiyo.

Kanisa nalo halikuwa nje ya hali hiyo. Kwa miaka mingi, katika parokia nyingi za kusini mwa Marekani, waamini weusi waliketi viti vya nyuma na kupokea Komunyo Takatifu baada ya wazungu. Ni kweli kwamba Novemba 1958 Maaskofu wa Marekani walitamka kwa pamoja kwamba utengano huo wa lazima haupatani na mtazamo wa Kikristo juu ya mwanadamu. Lakini kati ya tamko la Maaskofu na kiti cha kanisani palikuwa na safari ndefu.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenganisha watoto kwa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Miaka tisa baadaye, watoto weusi wa Birmingham walikuwa bado katika shule zao za peke yao.

Wachungaji wanane walisema nini

Haki inatudai tuwasikilize watu hao bila kuwapaka rangi wasiyostahili, kwani hawakuwa watu wa chuki. Januari ya mwaka huohuo, gavana mpya wa Alabama, George Wallace, alipoapa kulinda utengano wa rangi milele, wao na wenzao walitoa tamko wakitaka maamuzi ya mahakama yaheshimiwe. Kwa ujasiri huo walipata lawama na vitisho kutoka kwa wazungu wenzao.

Tena, walikuwa na hoja. Tarehe 2 Aprili wananchi wa Birmingham walikuwa wamemchagua Albert Boutwell kuwa meya, wakamkataa Eugene Connor, kamishna wa usalama aliyejulikana kwa ukali wake dhidi ya watu weusi. Kesho yake maandamano yakaanza. Wachungaji waliona ni busara meya mpya apewe nafasi. Walihofia vurugu, wakasema kwamba madai yapelekwe mahakamani na katika mazungumzo ya wenyeji, si barabarani kwa uongozi wa watu wa kutoka nje.

Maneno yao yalikuwa ya upole. Wahenga wetu nao walisema kwamba subira huvuta heri. Lakini wahenga haohao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hekima ni kujua tumbo linaloumia ni la nani.

Jibu kutoka gerezani

King alilisoma tamko hilo akiwa gerezani. Alianza kuandika jibu pembezoni mwa gazeti, akaendelea kwenye vipande vya karatasi, kisha kwenye karatasi alizoletewa na mawakili wake. Barua hiyo yenye tarehe 16 Aprili 1963 imekuwa moja ya maandiko mashuhuri ya karne iliyopita. Sisi Wakatoliki tunayo sababu ya pekee ya kuifahamu, kwa kuwa mhubiri huyo wa Kibaptisti aliijenga hoja yake juu ya walimu wa Kanisa: Mtakatifu Agostino na Mtakatifu Thoma wa Akwino.

Hoja ya kwanza ni ya utaratibu. King aliwaeleza wachungaji hao kwamba kampeni isiyo ya vurugu ina hatua nne: kukusanya ukweli juu ya dhuluma yenyewe, kufanya mazungumzo, kuitakasa nafsi, na mwisho kuchukua hatua ya wazi. Huko Birmingham mazungumzo yalikuwa yamefanyika. Wenye maduka waliahidi kuondoa mabango ya ubaguzi, na ahadi hazikutimizwa. Maandamano yalikuwa yameahirishwa zaidi ya mara moja ili kuupisha uchaguzi. Kwa hiyo waliokuwa wakiambiwa wasubiri walikuwa wamekwisha kusubiri.

Hoja ya pili ni ya sheria. Mtu anawezaje kudai kwamba uamuzi wa mahakama wa 1954 uheshimiwe, kisha yeye mwenyewe akavunja sheria nyingine? King alijibu kwa kutofautisha sheria ya haki na sheria dhalimu. Sheria ya haki hupatana na sheria ya Mungu na huinua utu. Sheria dhalimu huushusha. Ni dhalimu pia sheria ambayo walio wengi huwatwika walio wachache bila wao wenyewe kuibeba, au iliyotungwa wakati wanaobanwa nayo wamenyimwa kura. Mtakatifu Thoma katika “Summa Theologiae” alikwisha kufundisha kwamba sheria inayopingana na sheria ya maumbile si sheria kamili bali upotovu wa sheria.

Hapa pana sharti ambalo halipaswi kusahaulika. King hakumruhusu kila mtu avunje sheria isiyompendeza. Anayekataa kutii sheria dhalimu, alifundisha, afanye hivyo waziwazi, kwa upendo, akiwa tayari kupokea adhabu. Naye alilitimiza sharti hilo: mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilipoithibitisha hukumu yake kwa kura 5 dhidi ya 4, alirudi Alabama akakitumikia kifungo chake cha siku chache.

Hoja ya tatu iliwagusa wachungaji moja kwa moja. King aliandika kwamba kilichomhuzunisha kuliko ukatili wa wabaguzi sugu ni mzungu mwenye msimamo wa wastani, anayekubali lengo lakini anakataa kila njia, na anayejiona ana mamlaka ya kupanga saa ya uhuru wa mwenzake. Mataifa ya Asia na Afrika, alisema, yalikuwa yakienda mbio kuelekea uhuru wao, ilhali mtu mweusi wa Marekani alikuwa bado akitafuta haki ya kunywa kahawa kwenye kaunta. Hata hivyo hakusahau kushukuru. Aliwapongeza viongozi Wakatoliki wa Alabama kwa kuwa Chuo cha Spring Hill cha Wajesuiti, mjini Mobile, kilikuwa kimewafungulia milango wanafunzi weusi.

Gharama ya kungoja

Mei 2, zaidi ya watoto elfu moja waliacha madarasa yao na kuandamana kutoka Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16. Mamia walikamatwa. Kesho yake polisi wa Connor waliwaachilia mbwa, na mabomba ya zimamoto yakawaangusha watoto kwa nguvu ya maji. Picha zilienea duniani kote. Mei 10 yakapatikana makubaliano ya kuondoa utengano madukani, na Juni 11 Rais John F. Kennedy, rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani, alilihutubia taifa akiliita suala hilo suala la maadili.

Lakini Jumapili ya Septemba 15, bomu lililotegwa na watu wa Ku Klux Klan lililipuka katika kanisa lile la Mtaa wa 16. Wasichana wanne waliokuwa wakijiandaa kwa ibada waliuawa. Watatu walikuwa na umri wa miaka 14, mmoja miaka 11. Sheria ya Haki za Raia ilitiwa saini Julai 2, 1964, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura Agosti 6, 1965.

Katikati ya sheria hizo mbili ulikuja mtihani wa Selma, mji mwingine wa Alabama. Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji walipigwa na polisi, na wengi wa majeruhi walitibiwa katika hospitali Katoliki ya Msamaria Mwema iliyoendeshwa na Shirika la Mtakatifu Edmundi. Siku tatu baadaye masista walifika kutoka Saint Louis kuandamana, akiwamo Sista Mary Antona Ebo, mtawa mweusi wa Kifransisko. Askofu Mkuu Thomas Toolen, mwenye jimbo, ambaye mwaka 1964 alikuwa ameamuru shule Katoliki zote za jimbo lake ziondoe utengano, hakuridhishwa na ujio wa mapadre na masista hao. Kanisa moja, imani moja, na bado wana wake hawakukubaliana juu ya wakati.

Safari ya Askofu Durick

Naye Askofu Durick? Desemba 1963 aliteuliwa kuwa Askofu Mwandamizi wa Nashville, jimbo lililoenea wakati huo katika Tennessee yote. Mwaka 1966 alikabidhiwa usimamizi wake. Hiyo ndiyo miaka ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, ambao katika “Gaudium et spes” ulitangaza kwamba kila ubaguzi wa rangi ushindwe na uondolewe, kwa kuwa ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Tarehe 4 Aprili 1968 King aliuawa kwa risasi mjini Memphis, Tennessee, alikokwenda kuwaunga mkono wafanyakazi wa kuzoa taka waliogoma. Mji huo ulikuwa ndani ya jimbo alilolisimamia Durick. Wakati huo yule aliyetia saini tamko la Ijumaa Kuu alikuwa amekwisha kuwa sauti mojawapo ya wazi kabisa kati ya Maaskofu wa kusini katika kutetea haki za watu weusi. Alipinga pia vita vya Vietnam na adhabu ya kifo. Kwa ajili ya hayo alichukiwa na baadhi ya waamini wake mwenyewe. Mwaka 1975 aliacha uongozi wa jimbo ili ajitoe kwa utume wa magerezani, na huko akawahudumia wafungwa.

Tunachojifunza

Uvumilivu ni tunda la Roho Mtakatifu, na Mtume Paulo anauweka katika orodha yake. Lakini tunda hilo huota katika moyo wa anayeteseka mwenyewe. Mtu asiyeumia akimwamuru anayeumia avumilie, hilo si tunda la Roho. Mara nyingi ni hofu iliyovaa vazi la busara. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama wote wawili wanasali Rozari moja.

Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mtu asubiri, tuulize mambo matatu. Kwanza, je, haki anayoidai tumekwisha kuikubali kwa maneno? Pili, amesubiri muda gani tayari, na ahadi ngapi alizopewa hazikutimizwa? Tatu, wakati yeye anangoja, sisi tunapoteza nini? Maswali hayo yanamhusu mjane anayezungushwa juu ya shamba la marehemu mumewe, mfanyakazi wa nyumbani asiyelipwa, na mwamini ambaye kabila lake au ulemavu wake humfanya awe wa mwisho kusikilizwa katika jumuiya ndogondogo.

Maisha ya Askofu Durick yanatupa pia sababu ya matumaini. Mchungaji aliyesema “subirini” hakulazimika kubaki katika neno hilo. Neema ya Mungu humpa mtu nafasi ya kusikia upya, ilimradi asiifunge dhamiri yake. Tumwombe Bwana atujalie masikio ya kusikia mapema, ili wadogo wake wasingoje kwa sababu yetu.