Sinema ya Uwanjani Haihitaji Magari

Sinema ya kutazamwa ndani ya gari ilianza eneo la Camden, New Jersey, tarehe 6 Juni 1933, Richard Hollingshead alipofungua uwanja ambamo mteja aliegesha mbele ya skrini kubwa akatazama filamu bila kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na viwanja kama 4,000. Leo vimebaki karibu 300. Nairobi ilikuwa na Fox na Belle Vue, na Dar es Salaam ikapata uwanja wake Msasani mwaka 1966. Televisheni na kaseti za video zilipunguza watazamaji, lakini pigo kubwa lilikuwa bei ya ardhi. Uwanja mpana unaoingiza fedha saa chache za usiku hauwezi kushindana na majengo mji unapoufikia. Pale Msasani sasa pana ubalozi wa Marekani. Korona ya mwaka 2020 iliwarudisha watu viwanjani kwa muda, maana kila familia ilijitenga garini mwake.

Msomaji wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema nchini Kongo, atasema hayo hayamhusu: magari ni machache, na wakati wa mvua hata lori hunasa njiani. Nadhani yanamhusu kuliko mkazi wa Nairobi. Ukiliondoa gari, inabaki sinema ya uwanjani, na Kongo iliijua kabla ya Msasani. Enzi ya Wabelgiji, serikali na wamisionari walizunguka na projekta, wakatundika kitambaa cheupe, na mtu akasimama kando akieleza kwa lugha ya wenyeji. Kule Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili kwa watazamaji hao. Dharau ilikuwemo: sheria ya mwaka 1945 iliwazuia Waafrika kuona filamu zisizoidhinishwa kwa ajili yao. Dharau hiyo isirudi kamwe. Yule mfafanuzi arudi, kwani filamu nyingi huja kwa Kifaransa au Kiingereza, na vibanda vya video vya Uganda vimeonyesha jinsi watu wanavyompenda.

Kilichoua viwanja vya Marekani huku hakipo. Kiwanja cha mpira au ua wa parokia haushindaniwi na ghorofa. Giza nalo liko upande wetu: Ulaya wakati wa kiangazi jua huchelewa kuzama, filamu ikaanza watoto wamelala; Maniema kusini giza huingia kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, kwa hiyo kabla ya saa tatu watu wako nyumbani. Marekani walifikisha sauti garini kwa mawimbi ya FM. Redio ya jamii inaweza kufanya hivyo, na mwenye redio ndogo akasikia hata akiwa nyuma kabisa.

Wapo watakaosema simu imekwisha kuchukua nafasi hiyo. Simu humfaa mmoja. Filamu kuhusu ugonjwa wa mihogo ikiisha uwanjani, wakulima hubishana papo hapo, na ubishi huo ndio unaofundisha. Umeme si kizuizi: projekta ndogo hutosheka na betri iliyochajiwa kwa jua. Pingamizi zito ni usalama. Kabambare imeteswa na vikundi vyenye silaha, na pasipo salama usiku, watu wasikusanywe. Ila Kasongo mjini panaweza kuanza. Maparokia, misikiti na redio zetu zichague jioni moja ya Julai, mvua ikiwa mbali, zitundike kitambaa.