Kutu, Udongo na Marikani: Ubunifu wa Vazi la Majaribio kutokana na Majengo Chakavu ya Pamba Mkoani Simiyu

Makala haya yanaeleza namna uchakavu wa majengo ya pamba mkoani Simiyu ulivyotumiwa kuwa chanzo cha ubunifu wa vitambaa na mavazi ya majaribio. Hoja inayotetewa ni kwamba mbunifu anayenakili sura ya uchakavu bila kuufuata mwendo wake huambulia pambo tu. Ili vazi liseme jambo kuhusu jengo, sharti mbunifu ajue kwanza jengo hilo lilianza kufa wapi na ni kitu gani kilichoanza kuliua.

Simiyu ni mkoa ulioundwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, na pamba ndiyo zao lake kuu la biashara. Kwa hiyo maghala ya vyama vya msingi, vituo vya kununulia na vinu vya kuchambulia pamba ni sehemu ya mandhari yake ya kawaida. Vingi vinafanya kazi hadi leo. Utafiti huu uliyaangalia majengo yaliyonyamaza. Kunyamaza huko kuna historia. Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria lilianzishwa mwaka 1955 na likaja kumiliki vinu katika Kanda ya Ziwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirejesha, kisha katika msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kila mgeuko ulihamisha funguo kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na katika kuhama huko baadhi ya majengo yalibaki bila mtu wa kuyaziba paa.

Jengo la aina hii halichakai ovyo ovyo. Bati limepakwa zinki, na zinki ndiyo inayoliwa kwanza. Kutu huanzia pale ambapo zinki imejeruhiwa au maji yanachelewa kukauka: kwenye matundu ya misumari, kwenye kingo zilizokatwa, na pale bati moja linapolalia jingine. Ukuta wa tofali mbichi, kinyume chake, hufa kuanzia chini. Matone ya mvua yanayodunda ardhini huupiga miguuni, unyevu nao hupanda kutoka kwenye udongo, hata msingi ukamegeka kabla sehemu ya juu haijapata ufa. Mchwa huja baadaye, akifuata mbao. Mtafiti alichora ramani ya madoa ya kila jengo kabla ya kugusa kitambaa, na ramani hizo ndizo zilizogeuka kuwa vipande vya kukatia nguo. Udongo uliwekwa kwenye pindo, ukipanda hadi magotini na kufifia. Kutu iliwekwa mabegani, ambako ndiko paa la mwili, kwa madoa yaliyopangwa katika mistari kama misumari ilivyopangwa juu ya kenchi.

Kitambaa kilichochaguliwa ni marikani, yaani pamba isiyopaushwa. Jina lenyewe ni ushahidi: linatokana na nguo zilizoletwa Zanzibar kutoka Marekani katika karne ya 19. Leo Simiyu huvuna pamba mbegu na kuichambua, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania husafirishwa nje kabla haijawa uzi. Kukifunga kitambaa chenye jina la ugenini kwenye bati la kinu cha Kisukuma kulionekana kuwa ni kusema jambo bila kulazimika kuliandika kifuani.

Njia iliyotumika ni rahisi. Kitambaa hulowekwa katika siki iliyochanganywa na maji, kikafungwa kwenye kipande cha bati lenye kutu, kikaachwa siku kadhaa kikiwa na unyevu. Matokeo ni rangi ya chungwa iliyoungua. Kikichovywa kwanza katika maji ya gome la mgunga, tanini iliyomo hushikana na chuma na kutoa kijivu kinachokaribia weusi. Umwagaji wa siki ulikuwa mwingi kuliko ilivyohitajika; hayo mtafiti anayakiri.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Sampuli za mwanzo, zilizokuwa nzuri kuliko zote kwa macho, zilichanika mikononi baada ya miezi michache. Sababu inajulikana kwa wahifadhi wa nguo za kale: chuma huharakisha kuungana kwa selulosi ya pamba na oksijeni ya hewani, na asidi iliyosalia huikatakata zaidi. Kusuuza kwa maji ya magadi huondoa asidi, lakini chuma hubaki. Kwa maneno mengine, kutu haikuchora tu uchakavu juu ya nguo; iliuendeleza.

Wabunifu wengine wameufanya uharibifu huo kuwa ndio kazi yenyewe. Hussein Chalayan, katika kazi yake ya kuhitimu jijini London mwaka 1993, alizika mavazi pamoja na chembe za chuma kisha akayafukua. Martin Margiela, mjini Rotterdam mwaka 1997, aliotesha bakteria na ukungu juu ya nguo zake. Kazi hizo zina nguvu, lakini waliozifanya waliuchagua uozo. Bariadi hakuna aliyeuchagua.

Jambo hilo lilisemwa waziwazi na mzee mmoja aliyewahi kupakia marobota kinuni. Alipoonyeshwa sampuli alizigeuza mara mbili, akauliza: “Mwanangu, hii si bati letu? Sasa atakayeivaa anajua kwamba hapo ndipo tulipodai fedha zetu tukakosa?” Mtafiti hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo neno “uzuri” liliondolewa katika maelezo ya mavazi haya, na nafasi yake ikachukuliwa na maelezo ya kila doa: limetoka sehemu gani ya jengo, na jengo lilikuwa la kazi gani.

Swali la mzee lilibadili pia ushonaji. Vazi la mwisho lina tabaka mbili. Tabaka la ndani ni marikani isiyoguswa na chuma, nayo ndiyo inayobeba uzito mabegani na makwapani. La nje lina kutu na udongo, limeshikizwa kwa mishono mirefu inayoweza kufumuliwa. La nje likichanika, la ndani hubaki likivalika, likiwa na alama hafifu za mahali kutu ilipokuwa. Mishono hiyo imefanywa kwa mkono kwa sababu sindano ya cherehani ilitoboa kitambaa kilichodhoofika na kukikata kama karatasi ya stempu.

Vazi hilo linawasilishwa pamoja na tasnifu. Kwa kuwa tabaka lake la nje linaendelea kudhoofika, watahini wanaombwa kulinyanyua kwa kuingiza mikono chini ya tabaka la ndani, wala si kwa kulishika kola.