Jaza mkanda wa kamera nyumbani, dawa ficha mbali na watoto

Familia ya Ntalikwa, Tabora, yenye kamera ya zamani inaweza kupunguza gharama kwa kununua mkanda mrefu na kuukata wenyewe. Mkanda wa milimita 35 wenye urefu wa mita 30.5 hutoa mikanda midogo takriban 18 ya picha 36.

Kazi hufanyika kwenye giza totoro, kwani mwanga kidogo tu huunguza mkanda. Ncha hubandikwa kwenye kigurudumu cha kikebe kitupu, mkanda huviringishwa, kisha kikebe hufungwa. Mtoto mkubwa ajifunze kwanza kwa mkanda ulioharibika, akiwa amefumba macho.

Hatari kubwa huja wakati wa kusafisha picha. Dawa ikimiminwa kwenye chupa ya maji au soda, mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na kinywaji. Iache kwenye chombo chenye lebo, uifungie kabatini.

Akiinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa kwa kudhani yataua sumu. Usisubiri dalili ndipo utafute usafiri wa kwenda mjini. Mwahishe kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na chombo cha dawa hiyo mkononi.