Bima Iliyofungwa Kwenye Kibali

Tangu tarehe 1 Januari 2025, mwajiri wa kampuni binafsi au wa nyumbani aliyeko Sharjah, Ajman, Umm Al Quwain, Ras Al Khaimah au Fujairah hapati kibali cha ukaazi cha mfanyakazi wake, wala hawezi kukihuisha, kabla ya kumkatia bima ya afya. Abu Dhabi ilitangulia kwa sheria ya 2005, Dubai ikafuata kwa sheria ya 2013, na sasa Falme za Kiarabu zote saba zimo. Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi za ndani huu ni ulinzi wa kweli, na nguvu yake yote imo kwenye kibali. Mkaguzi hafiki jikoni mwa mtu, bali kila kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mfanyakazi, lazima apite dirisha la ukaazi.

Wapo wanaohofu kwamba gharama itarudi mgongoni mwa mfanyakazi. Hofu hiyo ina msingi, ila tuielekeze panapostahili. Kifurushi cha msingi cha falme hizo tano kilitangazwa kwa dirhamu 320 kwa mwaka, na mlipaji ni mwajiri. Akikata mshahara kwa ajili hiyo, anakwepa wajibu wake. Kinachouma zaidi ni mchango wa mgonjwa mwenyewe: asilimia 25 kwa matibabu ya kutolazwa, isiyozidi dirhamu 100 kwa kila ziara, na asilimia 30 ya bei ya dawa. Anayelipwa dirhamu 1,000 kwa mwezi anaweza kuacha sehemu ya kumi ya mshahara kwa daktari kabla hajafika duka la dawa, na huyo ndiye atakayevumilia homa mpaka azidiwe.

Lakini ufa mkubwa uko palepale penye nguvu. Kibali kikifutwa, bima nayo hupoteza mhimili wake, na mara nyingi kibali hufutwa mtu anapoumia, anapogombana na kafili au anapoikimbia nyumba inayomtesa. Ningependa bima iliyokwisha kulipiwa iendelee kufanya kazi hadi muda wake uishe, hata kibali kikifutwa. Watasema hilo litawapa watu moyo wa kutoroka. Hakuna anayeacha mshahara na paa kwa sababu ya kadi ya hospitali. Anayetoroka amesukumwa na jambo zito kuliko hilo, na huenda ametoka na jeraha linalohitaji daktari usiku huohuo.