Pembe Ndani ya Chai

Mei 2015, maafisa wa forodha wa Singapore walifungua makontena mawili kutoka Kenya yaliyokuwa yakielekea Vietnam. Hati zilisema ni chai, na magunia ya chai yalikuwamo kweli. Katikati yake zilipakiwa tani 3.7 za pembe za ndovu. Wiki chache kabla, Thailand ilikuwa imekamata zaidi ya tani 3 kutoka Kenya, nazo zikiwa zimefichwa kwenye chai.

Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 ilikuwa tayari inatumika, nayo ilikuwa kali: kwa wanyama walio hatarini kutoweka, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Lakini kontena haliondoki bandarini mpaka wakala aandae hati, ofisa akague, mwingine agonge muhuri. Tani tatu hazipenyi mikono yote hiyo kwa bahati.

Hata mahakamani mambo yalilegea. Shirika la WildlifeDirect lilipochunguza kesi za 2008 hadi 2013 nchini Kenya, lilikuta ni asilimia 4 tu ya waliotiwa hatiani waliofungwa jela. Julai 2016 ikaja hukumu iliyotia moyo: Feisal Mohamed Ali alifungwa miaka 20 Mombasa kwa kesi ya tani mbili za pembe. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa sababu ya kasoro za ushahidi na za mwenendo wa kesi. Siilaumu mahakama hiyo. Ushahidi wenye matundu haufungi mtu. Ila ndovu walikufa, na hakuna aliyethibitishwa kuwa mwenye mzigo.

Hapo ndipo umiliki wa kampuni unapoingia. Tangu 2020, kanuni zinazitaka kampuni za Kenya kumwandikisha kwa Msajili wa Kampuni kila mtu mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa, hata akijificha nyuma ya jina la mwingine. Ni hatua kubwa. Kwa bahati mbaya, kanuni hizo ziliwapa vyombo vya dola taarifa hizo na kuufungia umma mlango. Mwandishi wa habari anayefuatilia kampuni iliyosafirisha kontena hana pa kuchungulia, wakati kijana aliyebeba pembe moja kwenye gunia anapandishwa kizimbani mchana kweupe.

Bunge lifungue daftari hilo la wamiliki kwa kila raia, likianza na kampuni zinazosafirisha mizigo nje kupitia Mombasa.